Chemba ya ukungu kwa Kidato cha Nne: kuona atomu zikivunjika bila kununua chanzo cha mionzi

8 Februari 2025: Tunajenga nini

Unururifu, yaani viini vya atomu kuvunjika vyenyewe na kutoa mionzi, ni mada inayofundishwa kwa chaki tupu. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anachora kiini chenye protoni na nyutroni, anakariri kwamba alfa ni kiini cha heliamu, beta ni elektroni inayotoka ndani ya kiini, gama ni wimbi. Anagawa kwa mbili mpaka nusumaisha (muda wa nusu ya atomu kuvunjika) ziishe, anapata maksi zake. Ukimuuliza kama kweli anaamini kuwa atomu inavunjika, anacheka.

Klabu yetu ya sayansi (shule ya bweni, Tanga) imeamua kujenga chemba ya ukungu. Ni boksi la kioo lenye mvuke wa spiriti juu na kibati chenye baridi kali chini. Mvuke ukishuka unapoa kupita pale ambapo ungepaswa kugeuka matone, ila matone hayapati pa kushikia. Chembe ya alfa ikipita hapo inang'oa elektroni kwenye molekuli za hewa na kuacha ioni (molekuli zenye chaji) njia nzima, na matone yanashika kwenye ioni hizo. Chembe yenyewe huioni. Unaona ilikopita.

Aliyeanzisha haya ni Mskoti C. T. R. Wilson. Mwaka 1894 alikaa kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis akashangazwa na mawingu, akataka kuyatengeneza maabara. Kufikia 1911 alikuwa anapiga picha za njia za alfa na beta, mwaka huohuo Rutherford alipotangaza kwamba atomu ina kiini. Chemba ya Wilson ilifanya kazi kwa kutanua hewa ghafla, ikaona kwa sehemu ndogo ya sekunde tu. Yetu ni ya aina iliyokuja miaka ya 1930, inayotegemea baridi upande wa chini na joto upande wa juu, haina pampu, na huendelea kuona maadamu baridi ipo.

Suala la chanzo cha mionzi tumelimaliza leo. Nchini mwetu vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa sheria ya 2003, na klabu ya shule haina sababu ya kuingia huko. Kijana mmoja alileta kile kisoksi cheupe cha karabai kutoka kwenye sanduku la babu yake, aliyekuwa akivua dagaa usiku. Visoksi vya zamani vilikuwa oksaidi ya thoriamu karibu asilimia 99, na vingetupa alfa nyingi sana. Lakini kisoksi kilichokwisha kuwashwa ukikigusa kinakuwa unga, na unga unaotoa alfa ukiuvuta ukakaa kwenye mapafu ni habari nyingine kabisa na alfa iliyo nje ya ngozi. Kimerudi kwenye mfuko wake, kimefungwa, hakitumiki. Vifaa vya kugundua moshi vyenye amerisiamu-241 pia havifunguliwi. Tutatumia kilichomo hewani.

22 Februari 2025: Barafu na chumvi

Jaribio la bei rahisi kwanza. Trei ya alumini juu ya beseni la barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, bilauri pana la kioo limefunikwa juu yake, kitambaa kilicholowa spiriti kimebanwa kwenye kitako cha bilauri, ambacho sasa ndiyo dari.

Tulipata ukungu mzuri. Mstari hata mmoja hatukupata.

Kuna sababu mbili. Barafu na chumvi haviwezi kushuka chini ya nyuzi −21, hata uchanganye kwa ustadi gani, na hapo ni lazima chumvi iwe karibu robo ya uzito. Sisi tuliishia −17. Chemba ya namna hii huanza kuona kwenye −26 hivi kwenda chini. Kwenye nchi zenye barafu kavu ya kununua tatizo hili halipo, maana ile ina nyuzi −78. Hapa Tanga tuliulizia, tukaambiwa tuagize Dar, nayo ingefika imepungua nusu.

Ya pili ni spiriti. Tulinunua ya duka la dawa, asilimia 70. Hiyo asilimia 30 ni maji, yanaganda kwenye kibati kuwa utando mweupe na kuziba kila kitu. Anayefuata shajara hii asipoteze pesa hapo.

8 Machi 2025: Kigae cha Peltier, na joto la Tanga

Fundi friji mmoja ana rundo la dispensa za maji za mezani zilizokufa. Zile ndogo hazina kompresa. Zina kigae cha Peltier, mraba wa sentimita 4, ukikipitishia umeme upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Kwa kawaida namba yake ni TEC1-12706. Vingi kwenye rundo lile ni vizima, kilichokufa ni feni. Tuliuziwa kimoja kimoja kwa shilingi 15,000.

Umeme tunautoa kwenye pawasaplai ya kompyuta mbovu ya shule: waya wa kijani uunganishe na mweusi ili iwake, kisha njano na nyeusi ni volti 12, nyekundu na nyeusi ni volti 5. Hayo yanajulikana, siyarefushi.

Kigae kimoja juu ya bati la kupoza prosesa, pamoja na feni yake, kilishuka hadi −9 kikagoma. Vigae viwili, kimoja juu ya kingine, vikafika −14. Hapa ndipo maelezo ya watu wa Ulaya yanapotupotosha. Kigae hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Kikiahidi tofauti ya nyuzi 60 na kitu, ile ni kati ya uso wake wa moto na wa baridi, kikiwa hakijabebeshwa mzigo. Darasa lao lina nyuzi 18, letu leo lilikuwa na 32 saa nne asubuhi, na bati chini ya kigae lilifika 50. Ukianzia 50 hufiki mbali.

Mmoja alipendekeza tuongeze volti. Kigae cha chini tulikipa 12 tangu mwanzo, kwa hiyo tulichoongeza ni cha juu, kutoka 5 hadi 12. Baridi ikapungua. Cha juu kilipopewa 12 kilizalisha joto jingi kuliko cha chini kinavyoweza kulibeba. Kikabaki kwenye 5, na ndivyo kilivyo hadi sasa.

Siku hiyohiyo feni ilichomoka waya, vigae vikiwa vimewashwa. Kabla mtu hajazima, cha chini kilikwisha. Ndani yake kuna risasi ya kulehemu inayoyeyuka mapema, na joto likikosa pa kwenda halisubiri.

12 Aprili 2025: Sufuria

Baada ya Idi tulirudi na wazo la binti mmoja ambalo sasa naliona ndilo moyo wa mradi wote. Tuache kupambana na hewa ya moto. Tumetoa feni, bati la prosesa tumeligeuza mapezi chini, tukayazamisha ndani ya sufuria ya maji yenye barafu, uso wake bapa ukibaki juu ya maji kwa sentimita moja hivi. Juu ya uso huo ni grisi nyeupe ya prosesa, kigae cha volti 12, grisi, kigae cha volti 5, grisi, kibati chembamba cha alumini.

Maji yenye barafu yanabaki karibu na sifuri muda wote barafu ikiwepo. Kipimajoto cha friji (kile kidogo chenye waya, kinachosoma hadi −50) kilionyesha −20 ndani ya dakika mbili, kisha −31, kikatulia kwenye −33.

Mambo yaliyotusumbua kwenye hatua hii:

Maji kupanda. Kila tukiongeza barafu kina kinapanda, na siku ya kwanza maji yaligusa nyaya. Pembeni mwa vigae tumepaka silikoni ya mafundi vioo, na sufuria tunaijaza robo tatu tu. Maji yakizidi tunayachota kwa kikombe na kuongeza barafu.

Grisi nyingi. Ukipaka kama siagi kwenye mkate unazuia joto badala ya kulipitisha. Tone dogo katikati, bonyeza, basi. Kwa hilo peke yake tulipata nyuzi nne zaidi.

Umeme kukatika. Barafu inabaki, lakini vigae vikizimwa joto linarudi juu kupitia humohumo, na kibati kinapoteza baridi yote upesi. Hakuna dawa ila kuanza upya.

Spiriti tumeipata kwa fundi simu. Anatumia isopropanoli ya asilimia 99 kusafishia bodi za simu, akatugawia nusu lita kwa 15,000. Angalizo ambalo klabu imeliandika ukutani: mvuke wake unashika moto kwa urahisi, na kwa joto letu unatoka muda wote. Madirisha wazi, hakuna kiberiti, hakuna jiko jirani.

3 Mei 2025: Mistari ya kwanza

Boksi la kioo la sentimita 10 kwa 10, kimo 12, limekatwa na kugundishwa na fundi wa madirisha ya alumini. Plastiki ngumu inayong'aa tuliijaribu, spiriti ikaifanya nyufanyufa. Kitambaa cha kulowesha spiriti kimefungwa kwa waya juu ndani, kwa sababu gundi zote tulizojaribu ziliachia. Chini tunaziba kwa unga wa ngano uliokandwa, kwani upenyo mdogo tu unaleta upepo na ukungu unazunguka ovyo.

Kibati lazima kiwe cheusi, la sivyo huoni kitu cheupe juu ya kitu king'aacho. Wino wa maka peni uliyeyuka kwenye spiriti na kufanya dimbwi la zambarau. Tepu nyeusi ya umeme, iliyolazwa bila mikunjo, inadumu. Mwanga usitoke juu. Tochi ya simu ilazwe ubavuni, ipite sambamba na kibati, na chumba kiwe giza.

Tulifunga, tukawasha, tukangoja. Dakika ya kumi hivi ikaanza kunyesha mvua laini ya vitone karibu na kibati. Muda mfupi baadaye ukapita mstari, mwembamba, umenyooka, ukapotea kabla aliyeuona hajamaliza kupiga kelele. Kisha mwingine. Waliobaki walikuwa wanabishana kama ameona kweli, hadi wao wenyewe wakaona.

Mingi ya mistari hiyo myembamba ni ya chembe ziitwazo muoni, zinazozaliwa juu angani miali ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Usawa wa bahari hupita moja hivi kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Kibati chetu kina sentimita 16 za mraba, kwa hiyo ni kama 16 kwa dakika, ila nyingi zinashuka wima na zinaonekana kama nukta tu. Zinazopita kwa mshazari ndizo zinazoacha mstari. Mistari iliyopindapinda kama imelewa ni elektroni, nyepesi mno hivi kwamba kila molekuli inaisukuma kando.

Vijana walitaka raketi ya kuulia mbu ifungwe kwenye chemba, wazo lenye msingi: volti zake nyingi huvuta ioni za zamani na kusafisha ukungu kwa ajili ya mistari mipya. Nimekataa. Raketi ile kazi yake ni kutoa cheche, nasi tumejaza boksi mvuke wa spiriti. Tunaishi na ukungu kidogo.

Ndizi nayo imekataliwa, kwa sababu nyingine. Ni kweli ina potasiamu-40, na kwenye ndizi moja atomu 15 hivi zinavunjika kila sekunde. Lakini karibu zote zinatoa beta inayoishia humohumo kwenye nyama ya ndizi, na maji yake yanaharibu chemba.

17 Mei 2025: Kuvuna radoni

Sasa alfa. Ardhini na kwenye matofali kuna chembechembe za urani, na mnyororo wake wa kuvunjika unapitia radoni-222, ambayo ni gesi, nusumaisha yake siku 3.8. Inatoka sakafuni na kujikusanya kwenye chumba kilichofungwa. Watoto wake, yaani atomu zinazobaki radoni ikivunjika, si gesi tena, ni atomu za metali zinazonata kwenye vumbi.

Njia inayosifiwa ni kusugua puto kwenye nywele na kulining'iniza chumbani, chaji yake inavuta watoto hao. Masika haya ya Tanga yameikataa njia hiyo. Hewa ina unyevu, chaji inavuja, puto likashindwa kuvuta hata kipande cha karatasi baada ya dakika chache. Kwenye chemba halikuonyesha tofauti yoyote.

Badala yake tumekodi mashine ya kufyonza vumbi kwa vijana wanaoosha magari. Kwenye mdomo wa bomba tunafunga kipande cha barakoa kwa mpira, hewa inapita, vumbi linabaki. Jaribio la kwanza darasani lilitupa mistari miwili mitatu minene, ambayo ndiyo ya alfa, basi. Darasa la pwani lina madirisha pande zote, radoni haipati nafasi ya kukaa. Tumefunga stoo ya vifaa, sakafu ya saruji, dirisha moja dogo, tangu jana Ijumaa. Haifunguliwi hadi keshokutwa.

Jumatatu, 19 Mei 2025: Kuhesabu

Mashine ilifanya kazi nusu saa ndani ya stoo. Chemba ilikuwa tayari imepoa. Tulihesabu kwanza ikiwa tupu, dakika tano: mistari minene miwili. Kisha kipande cha barakoa safi kisichofyonza kitu: mmoja. Kisha kile cha stoo, kimekatwa na kusimamishwa kwa pini pembeni mwa kibati.

Kufungua boksi kunavuruga baridi, ikachukua kama robo saa kutulia. Halafu mistari ikaanza kutoka kwenye kitambaa hicho cha barakoa, mifupi, minene, imenyooka, mmoja baada ya mwingine bila mpango wowote. Mara tatu kwa pamoja, mara kimya mpaka unadhani imekufa.

Kuhesabu kwa macho kulizua ugomvi, kila mtu na namba yake. Tulirekodi kwa simu, wawili wakahesabu video ileile kila mmoja peke yake, kwa kanuni moja: mstari uwe mnene na uanzie kwenye kitambaa. Kwa dakika tano za mwanzo 42. Kisha, kila baada ya dakika ishirini: 31, 20, 15, 9. Kwa grafu, nusu inapotea kila dakika 35 hadi 40 hivi.

Namba hizi si sahihi kama za kitabuni na hazitakuwa. Ukihesabu matukio ya bahati 42, tarajia kuyumba kwa kipeuo chake cha pili, yaani 6 hivi juu au chini. Ukihesabu 9, kuyumba ni 3, ambayo ni theluthi nzima. Hili limewaingia vijana kuliko nilivyowahi kulifundisha.

Swali lililochukua kipindi chote lilitoka kwa kijana wa nyuma. Mnyororo ubaoni ulikuwa hivi: radoni-222 inatoa alfa inakuwa poloniamu-218 (dakika 3), inatoa alfa inakuwa risasi-214 (dakika 27), inatoa beta inakuwa bismathi-214 (dakika 20), inatoa beta inakuwa poloniamu-214, na hii inatoa alfa ndani ya sekunde 0.000164. Poloniamu-218 ilikwisha tulipokuwa tunangoja chemba itulie. Kwa hiyo alfa tunazoona ni za poloniamu-214. "Sasa mwalimu, kitu kinachokufa kabla hujapepesa jicho kinatoaje alfa saa nzima?"

Aliyejibu ni mwenzake. Haikai saa nzima, inazaliwa saa nzima. Kila bismathi ikivunjika inazaa poloniamu moja na poloniamu hiyo inakufa papo hapo, kwa hiyo kinachoamua kasi ni wazazi wake, na wazazi ni wawili waliofuatana foleni. Ndiyo maana namba yetu si 27 wala 20, ni ndefu kuliko zote mbili. Tukarudi kwenye jedwali la elementi wakafuata wenyewe: alfa inakurudisha nyuma nafasi mbili, beta inakusogeza mbele moja, kwa sababu nyutroni imegeuka protoni. Gesi imekuwa metali, bila moto, bila asidi.

31 Mei 2025: Gharama na marekebisho

Hadi leo tumetumia shilingi 113,000: vigae vitatu 45,000 (kimoja kiliungua), spiriti ya fundi simu 15,000, boksi la kioo 12,000, kipimajoto 10,000, silikoni 6,000, barafu ya siku zote 6,000, grisi 5,000, mashine ya kufyonza 5,000, spiriti ya duka la dawa 4,000, barakoa 2,000, chumvi 2,000, tepu 1,000. Pawasaplai na bati la prosesa ni vya kompyuta mbovu. Anayeanza leo akiruka makosa hayo, akanunua vigae viwili na barafu ya siku moja, atamaliza kwa 88,000.

Kitambaa cha barakoa kilichotumika hakihitaji uangalizi maalumu. Jioni ile ile kilikuwa hakitofautiani na barakoa safi.

Muhula ujao tutahesabu hewa ya stoo iliyofungwa usiku mmoja tu dhidi ya iliyofungwa siku tatu, wakati wa kusi ambapo unyevu ni mdogo, na puto litapewa nafasi yake tena. Kitambaa tutakikata chembamba zaidi, sentimita moja kwa tatu. Cha mara hii kilikuwa kipana, kikaweka kivuli kwenye robo ya kibati, na mistari ya upande huo haikuhesabiwa.